Sahihi Nilizoziacha Kabla ya Arobaini

Sehemu ya tano

Aliyeikosa wiki jana asihangaike, nitamweleza kwa ufupi tuende pamoja.

Naitwa Tunu. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, mimba ikiwa ya miezi mitano, na cheti hicho ndicho kilichonipa kazi kwenye ghala la Mzee Abdulatifu hapa Tabora mjini. Mzee huyo ni mjomba wa mume wangu Sabiri, kaka yake mama mkwe. Ghala lake linapokea kompyuta zilizokufa, printa, televisheni za chogo na betri za sola.

Taka za namna hiyo huwezi kuzikusanya kama unavyokusanya makopo. Sheria inataka uwe na kibali, na uwe na msimamizi. Kila mzigo unapotoka, msimamizi anasaini hati inayoonyesha umebeba nini, unakwenda kiwanda gani cha kuchakata, nani anaupeleka na nani ameupokea. Msimamizi huyo ni mimi.

Sasa, kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini. Nilipokaribia kujifungua, mjomba akalalamika kwamba kazi italala siku zote hizo. Nikamwonea huruma. Nikachukua kitabu kizima cha hati, nikatia sahihi kurasa zote zikiwa tupu, moja baada ya nyingine, mkono wa pili nimeshika kiuno. Nikamwachia. Nikaenda kumzaa Najiat.

Wiki jana niliishia langoni, mtoto mgongoni, nikimtazama mzee mmoja mgeni mwenye gunia begani. Alikuwa ameshika mfuniko wa betri, anauliza nani mwenye mwandiko huu.

Mwandiko ulikuwa wangu.

Kila kifaa kinachoingia ghalani huwa nakiandika namba kwa rangi nyeupe, herufi za kunyooka, kama zile za ubaoni. Hata mjomba alikuwa akinitania kwamba naandika betri kama naandika kadi ya harusi. Ile namba niliikumbuka. Betri yenyewe ilitakiwa iwe kiwandani Dar es Salaam tangu miezi miwili iliyopita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Naitwa Sayi, natoka Ziba, upande wa Igunga. Ni wewe?"

Nikasema ni mimi.

Akatua gunia akaomba maji. Alipomaliza kunywa akasema, "Nilidhani nitamkuta mtu mwenye sura mbaya."

Nikamwekea ndoo akaikalia. Akanieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyasema mara nyingi na hakusikilizwa. Ng'ombe wake walianza kusaga meno. Halafu wakawa wanazunguka mahali pamoja, wanagonga miti, wanagonga boma lao wenyewe. Akapunga mkono mbele ya macho ya fahali wake, fahali hakupepesa. Wamekufa kumi na mmoja.

Alikuwa na hakika kwamba ni mkono wa jirani yake Kulwa. Walikuwa na ugomvi wa mpaka. Akaenda kwa mganga, mganga akamwambia kweli ni jirani, na wawili hao wakaacha kusalimiana. Wiki iliyofuata ng'ombe wa Kulwa nao wakaanza kusaga meno.

"Tukakutana kwenye lambo, kila mtu na ng'ombe wake vipofu," alisema. "Tukaonana wajinga."

Wakawafuata wanyama waone wanakopita. Ndipo walipofika kwenye shimo lililofukiwa vibaya, mvua imelifumua, na ng'ombe wanalamba. Hawakuwa ng'ombe peke yao. Walikuwepo na wanawake, na vikapu.

Akafungua gunia. Ndani kulikuwa na mabonge meupe yanayoelekea kijivu, yanamomonyoka.

"Wanasema ni magadi yametoka ardhini. Mke wangu ametia kwenye mlenda wiki nzima. Tumekula wote. Nimekuja kukuuliza wewe uliyeandika, ni magadi?"

Wasomaji wangu, mimi mlenda nimelelewa nao. Najua magadi yanavyolainisha maharage, najua mama anavyoyapima kwa ncha za vidole. Nilimwelewa mke wa mzee Sayi kabla sijamhofia. Ningekuwa mimi, ningechota.

"Baba, si magadi," nikasema. "Ni matumbo ya betri. Ni madini ya risasi. Msile, msiguse, na chombo kilichopikiwa mkitupe. Nyumbani kuna mtoto mdogo?"

"Mjukuu. Ana miaka miwili."

"Hajambo?"

Mzee akawa anafunga gunia lake. "Tangu juzi anashtukashtuka. Jana nilimwita jina, akanitazama kama hanijui."

Nikamwambia ampeleke hospitali leo hii, asiende kwa mganga, asiende hata dukani kununua dawa. Nikachana karatasi nikaandika kwa herufi kubwa: MTOTO AMEKULA SUMU YA RISASI KUTOKA KWENYE BETRI. Nikamwambia ampe daktari wa kwanza atakayemwona. Akaikunja, akaitia ndani ya kofia, akaivaa.

Najiat alikuwa amelala mgongoni kwangu, pumzi yake inanigonga shingoni. Niliihesabu ile pumzi bila kutaka.

Hapo ndipo mjomba alipoingia. Mzee Abdulatifu huwa haingii kwa haraka. Akasalimia, akamwuliza mgeni kwa utani kama amekuja kuuza au kununua. Alipoonyeshwa mfuniko wa betri hakubadilika hata uso. Akasema pole sana, mzigo ule uliibiwa njiani, yeye mwenyewe bado analia nao.

"Mwizi aliiba ili akafukie?" Sayi akauliza.

Mjomba akacheka kidogo.

Mzee Sayi akajitwika gunia lake. Akasema hakuja kugombana. Bwana mifugo wa kwao ameshaona mashimo mawili na ameshawaita watu wa mazingira, watakuja kwa wakati wao. Yeye alitangulia tu kumwona mwenye mwandiko. Akaniaga mimi, mjomba hakumuaga.

Alipotoka mjomba akanisogezea kiti chake mwenyewe. Hajawahi kunipa kiti chake.

"Mwanangu, kwenye kibali, msimamizi ni nani?"

"Mimi."

"Na kwenye hati kuna sahihi ya nani?"

"Yangu. Lakini mjomba, tarehe zile nilikuwa ndani. Mtaa mzima unajua nilikuwa kwenye arobaini."

"Vizuri sana. Mwambie afisa hivyohivyo. Mwambie ulitia sahihi karatasi tupu, ukanipa kitabu kizima kama mtu anavyomwazima mwenzake kanga. Uone atakuuliza nini kwanza."

Akamshika Najiat shavu kwa kidole kimoja, taratibu, asimwamshe. Akatoka.

Ukutani juu ya meza yangu kuna masharti ya kibali. Niliyanakili mimi mwenyewe kwa kalamu ya buluu, nikayapigia na mistari ya pembeni yapendeze. Sharti la tatu linasema mwenye taka anabaki na wajibu wa taka zake mpaka kiwanda kilichoruhusiwa kizipokee na kuthibitisha kwa maandishi. Sharti la tano linasema msimamizi anathibitisha kwa sahihi yake kwamba ameuona mzigo kwa macho yake.

Nilikuwa nimeyaandika kama mtu anavyoandika maneno ya kwenye kalenda. Siku ile niliyasoma mara ya kwanza.

Sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilipitia kwa Mwalimu Anselm, aliyetufundisha uraia kwenye masomo ya jioni. Nilimkuta anapanga madawati darasani. Nikamweleza yote, na sikulia mpaka nilipofika kwenye lile neno tupu.

Hakunigombeza. Alikaa juu ya dawati akafikiri, halafu akanieleza kama anavyoeleza somo.

"Ulisaini kitu hukukiona, Tunu. Hilo ni kosa na utalijibu. Lakini kumwaga sumu ni kosa lingine, na hukulifanya. Ukiwahi kusema ukweli, unabaki na lile la kwanza. Ukinyamaza, yote mawili yanakuwa yako."

Akaniuliza kama nina shahidi wa kusema nilikuwa ndani siku zile zote. Nikacheka huku machozi hayajakauka. Ninaye shahidi gani zaidi ya mama mkwe?

Bi Mwamvita alinilea arobaini nzima kama niliyezaliwa ni mimi. Alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Alinikorogea uji wa pilipili manga mpaka nikawa nauota. Mlango aliufunga yeye na ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga yake. Nilimkuta uani anatwanga, nikamwambia mahakama inaweza kumwita aeleze niliwekwa ndani.

"Waje hata leo," alisema. "Nani alikukanda? Siku ya thelathini na nane ulitaka kuchungulia ngoma ya jirani, nikakurudisha kwa ufagio. Na hilo nitawaambia."

Nikacheka sana. Najiat naye akacheka, hajui anachekea nini. Nikamwinua juu nikamwambia mama yako haendi popote. Nilikwisha kujiona nimesimama mbele ya afisa, nasema kosa langu dogo, nalipokea adhabu yake, halafu narudi nyumbani kunyonyesha.

Sabiri alirudi alasiri. Mama alikuwa amepika ugali na mlenda. Mimi mlenda ule sikuweza kuutia mkono, nikamwandalia yeye. Nikakaa mbele yake nikamsimulia yote, ya mzee Sayi, ya mjomba, ya mwalimu, na mwisho nikamwambia kwa furaha kwamba nimepona. Mama atasema nilikuwa ndani. Wakishajua hivyo watamtafuta aliyejaza zile hati na aliyeendesha gari.

Sabiri akaacha kula.

"Mama Naji, usiende kwa hao watu."

"Kwa nini?"

Akawa anafinyanga tonge, halimalizi. Mume wangu ni mpole. Hawezi kuchinja hata kuku, huwa anamwita jirani. Nikamwangalia mikono, nikakumbuka kwamba katika siku zile zangu za ndani alikuwa harudi mpaka kesho yake, na nilipoulizia nikaambiwa amekwenda Igunga kubeba mpunga.

"Sabiri, gari aliendesha nani?"

Akazidi kulifinyanga tonge.

"Aliendesha nani?"

"Mimi," akasema.

Mara ya kwanza, alisema, aliambiwa ataupeleka mzigo Nzega, kuna lori kubwa litaupokea. Alipofika, mjomba akampigia simu kwamba lori halipo, asogee mbele. Akasogea. Akakuta watu wawili na majembe wanamsubiri. Alipouliza, mjomba akamjibu kwamba kiwanda kiko mbali, kusafirisha ni hasara, na ardhi ya Mungu ni kubwa. Mara ya pili hakuuliza. Sabiri akaniuliza nyumba tunayokaa ni ya nani, na leseni yake ya udereva ilitafutwa na nani. Alisema hakujua kama ile ni sumu inayoua. Alijua ni uchafu tu.

"Na hati zenye sahihi yangu, ulikuwa unaziona?"

"Nilikuwa nazibeba mfukoni."

Nikamwuliza tena kwa nini. Nikamwuliza mjomba alimwambia maneno gani. Nikamwuliza kama anajua kuna mtoto wa miaka miwili hamtambui babu yake. Hapo akainama, mabega yakawa yanatikisika, na tonge likamwanguka kwenye mkeka.

Uani kinu kilikuwa kimenyamaza. Sijui kilinyamaza saa ngapi.

Mama mkwe akainua pazia. Hakumtazama mwanawe, alinitazama mimi.

"Ukitoka wewe, ataingia yeye," akasema.

Nikamjibu kwamba mama, sijafanya mimi. Akasema anajua. Akanichukulia mtoto mikononi, akaenda kumwogesha, na ule utani wa ufagio haukurudi tena nyumbani kwetu.

Kesho yake, kwenye saa nne asubuhi, gari la serikali likasimama mbele ya nyumba. Akashuka mama mmoja mfupi mwenye begi la nyaraka, pamoja na mjumbe wa mtaa. Alijitambulisha kwa sauti ndogo kwamba ni afisa wa mazingira, anaitwa Bernadeta. Nilimwekea kiti, akakaa kwenye mkeka pamoja na sisi. Macho yake yalikuwa mekundu kama mtu ambaye hajalala.

Mama mkwe alikaa ukutani, Najiat mapajani. Sabiri alisimama kwenye mlango wa uani, nusu ndani, nusu nje.

Afisa akapanga hati mbele yangu moja baada ya nyingine. Zilikuwa sita. Sahihi zote zangu, wino mmoja, hata mkunjo mmoja wa herufi ya mwisho. Tarehe zote za siku zangu arobaini.

"Dada Tunu, kiwanda kilichoandikwa hapa kinasema hakijapokea kwenu hata waya. Mhuri huu ni wa kughushi. Dereva aliyeandikwa hapa nimemtafuta, hakuna mtu wa jina hilo. Mzee Abdulatifu nimetoka kwake, naye kama mwenye kibali atajibu, hilo sikufichi. Lakini anasema hakuwahi kushika hata hati moja, kila kitu kilikuwa mikononi mwa msimamizi. Kwa hiyo aliyepo kwenye karatasi hizi ni wewe peke yako."

Nilikuwa nimekesha nikisema maneno ya kumjibu. Nikayasema. Nikasema nilikuwa kwenye arobaini. Nikasema hati zote nilizitia sahihi kabla, zikiwa tupu, na kwamba hilo ni kosa langu na ninalikubali.

Hakuonekana kushangaa wala kukasirika. Aliniuliza kama kuna mtu wa kuthibitisha.

Sote tukamgeukia mama mkwe.

Nataka niwaambie hivi, ili msimhukumu kwa wepesi. Kwa mtu kama Bi Mwamvita, arobaini ya mkwe ni cheo chake. Mzazi akionekana nje kabla ya siku zake, hasemwi mzazi, anasemwa aliyemlea. Angeweza kuitetea ile arobaini mbele ya jaji, mbele ya mkoa mzima. Nilikuwa na hakika na hilo kuliko jina langu.

"Hakukaa arobaini," akasema.

Mjumbe wa mtaa akainua kichwa. Mke wake alikuja kumtazama mtoto siku ya kutolewa nje, alikula pilau kwetu.

"Alitoka siku ya kumi na tisa," mama akaendelea. "Alipita mlango wa uani, amevaa baibui langu. Alikuwa anakwenda ghalani na kurudi. Nilimwachia kwa sababu kazi ni ya kaka yangu. Ni aibu yangu mimi, nilikuwa nimeificha. Sasa nimeisema."

Alisema bila kunitazama. Mkono wake ulikuwa unampigapiga Najiat mgongoni, taratibu, kama siku zote anapomtafutia usingizi.

Afisa akanigeukia. "Dada Tunu, ni kweli?"

Nikamtafuta Sabiri mlangoni. Angetikisa kichwa tu, angefumbua mdomo, angesema hata jina langu, ningesema kweli yote siku ile na hadithi hii ingeishia hapa. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Nikafikiri haraka, na nilifikiri vibaya. Nikajiambia mimi ni mama anayenyonyesha, na kosa langu ni kalamu. Huyu alishika usukani. Watanionea huruma mimi, yeye hawatamwonea. Nikajiambia mtoto anaweza kukaa bila mama miezi michache, bibi yupo, lakini baba akifungwa miaka tutabaki na jina gani mtaani? Mimi ni mtu wa kutumaini. Hata nilipokuwa nasoma na taa ya simu, tumbo limenizuia kufika mezani, nilijua nitafaulu, na nikafaulu. Nikadhani na hili ni mtihani wa namna ileile.

"Ni kweli," nikasema. "Nilitoka."

Sabiri akashusha pumzi, niliisikia. Mama mkwe akafumba macho.

Nikangoja pingu. Nikangoja kuambiwa nivae viatu. Afisa Bernadeta hakuandika kitu. Alikunja daftari lake, akashika paji la uso, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akawa kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Afadhali," akasema. "Nilikuwa naogopa utakataa."

Sikumwelewa.

"Wa kumfunga nitamtafuta baadaye, dada. Leo nimekuja kwa jambo lingine. Hati ni sita, kwa hiyo mizigo ni sita. Pale Ziba tumekuta mashimo mawili. Alfajiri hii nimepigiwa simu. Yule mjukuu wa mzee Sayi alifikishwa hospitali na karatasi ndani ya kofia ya babu yake, na ile karatasi imewasaidia sana madaktari. Bado wanapambana naye. Lakini wameletwa pia watoto wengine watatu, dalili zilezile, na hao hawatoki Ziba. Wanatoka kijiji kingine kabisa, ambako hatujaona shimo lolote. Kuna watu wanachota sasa hivi, tunapoongea. Wanapeleka na sokoni."

Akasimama, akajipangusa gauni.

"Wewe ulikuwepo mizigo ilipotoka, unajua ilikokwenda. Gari liko nje na mafuta yamejaa. Twende ukatuonyeshe manne yaliyobaki."

Nikainuka.

Ninaloliungama wiki hii si sahihi, wala si uongo niliotoka kuusema. Jana yake nilikaa na mume wangu mpaka jua likazama. Nilimwuliza kwa nini. Nilimwuliza lini. Nilimwuliza nani alimtuma, na mtoto wetu tutamfanyaje mimi nikichukuliwa. Nililia, nikamshika shati, nikamwuliza kila kitu kilichonihusu mimi.

Wapi, sikumwuliza.

Nikageuka kwenye mlango wa uani. Pazia lilikuwa linacheza peke yake, na nyuma ya nyumba pikipiki ya Sabiri ilikuwa imeshawaka, inatafuta njia ya uchochoroni. Mama mkwe akamkumbatia Najiat kwa nguvu zaidi, kama mtu anayetaka mlio ule usisikike.

Bernadeta alikuwa ameshafungua mlango wa mbele, ameushika, ananisubiri nitangulie.